Utete wa Nadharia Tete

Katika tasnifu nyingi za uzamili zinazoandikwa kuhusu fasihi ya Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya, baina ya malengo ya utafiti na sababu za kuichagua mada, pana nusu ukurasa wenye kichwa "Nadharia Tete". Aghalabu ni nusu ukurasa unaoandikwa kwa haraka na kusomwa kwa haraka zaidi. Mtafiti huyatwaa malengo yake matatu, akayageuza sarufi kidogo, na kazi ikaisha. Lengo lililosema "kubainisha namna mwandishi alivyotumia taswira kuwasilisha maudhui" huzaa nadharia tete isemayo kuwa mwandishi ametumia taswira kuwasilisha maudhui. Baada ya sura tatu za uchambuzi, ambazo pengine zina umakini na jasho la kweli ndani yake, hitimisho hutangaza kuwa nadharia tete zote zimethibitika. Ni nadra mno kusikia kwamba mojawapo imekataa.

Hapana budi kuuliza ni mwandishi gani ambaye angeweza kuishinda kauli kama hiyo. Ni riwaya gani duniani isiyokuwa na taswira hata moja, au yenye taswira zisizohusiana kwa vyovyote na yale inayoyasema? Kauli hiyo ni kweli kuhusu Shaaban Robert, ni kweli kuhusu Kezilahabi, ni kweli kuhusu gazeti la jana. Ukweli wake haukutokana na utafiti, na usingepungua hata kama utafiti wenyewe usingefanywa. Hali huwa mbaya zaidi pale nadharia tete inapochotwa moja kwa moja katika msingi wa nadharia. Mtafiti aliyekwisha kutangaza kuwa ataongozwa na Umaksi huandika kuwa riwaya anayoichunguza inaakisi mgongano wa matabaka. Aliyechagua ufeministi huandika kuwa wahusika wa kike wamedunishwa. Miwani imekwisha kuvaliwa, na kilichosalia ni kueleza rangi ya kioo chake.

Lawama hii haimwangukii mwanafunzi peke yake. Amefundishwa kuiogopa sehemu hiyo. Anajua kuwa mbele ya jopo la watahini, nadharia tete iliyoanguka yaweza kudhaniwa kuwa ni tasnifu iliyoanguka. Na ada imekwisha kulipwa, na miaka miwili au mitatu ya ujana imekwisha kupita. Basi hujikinga. Kinga hiyo ina gharama yake, na gharama hulipwa na taaluma nzima. Rafu za maktaba hujaa kazi ambazo hakuna hata moja inayopingana na nyingine, na azisomaye zote hatoki na swali moja jipya la kwenda nalo nyanjani.

Neno lenyewe lilichaguliwa vizuri kuliko linavyotumiwa. Tete ni kisichokuwa imara, kinachoweza kuvunjika. Msemaji wa leo hulisikia katika "hali tete" ya usalama au ya uchumi. Wengi hulichukulia kama udhuru, kana kwamba mtafiti anasema: hii ni nadharia ndogo, haijakomaa, nisameheni. Yamkini ndilo neno lenye uzito kuliko mwenzake. Nadharia tete njema ni ile iliyowekwa mahali inapoweza kuvunjwa, na ambayo mwenyewe amesema mapema ni jiwe la namna gani litakaloivunja. Karl Popper, mwanafalsafa mzaliwa wa Vienna, aliijengea hoja hiyo kitabu kizima mwaka 1934. Kauli ya kisayansi, alishikilia, haijulikani kwa wingi wa mifano inayoiunga mkono, kwa maana mifano ya kuunga mkono humjia kila aitafutaye. Hujulikana kwa yale inayoyakataza. Kauli isiyokataza lolote haijasema lolote kuhusu ulimwengu.

Msomaji wa jarida la uhakiki ana haki ya kunung'unika hapa. Sayari haikejeli, wala shairi halizunguki jua. Maana ya kazi ya fasihi haipimwi kwa darubini, na wasomaji wawili waaminifu waweza kuisoma beti moja wakatoka na mambo mawili, wote wawili wasiwe na kosa. Pingamizi hili lina nguvu na halifai kupuuzwa. Hata hivyo, kabla ya kulijibu, inafaa kuitazama nadharia tete mahali ambapo kazi yake ni bayana, kwa mfano wa mtu mmoja aliyeijaribu mara mbili.

Katikati ya karne ya 19 wanafalaki walitatizwa na Uranusi. Sayari hiyo haikuifuata barabara njia ambayo kanuni za Newton ziliiwekea. Mfaransa Urbain Le Verrier hakusema kuwa ziko sababu mbalimbali zinazoathiri mwendo wa Uranusi, kauli ambayo ingepita bila taabu katika pendekezo lolote la utafiti. Alisema kuwa iko sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, na akakokotoa mahali ilipo. Barua yake ilimfikia Johann Galle mjini Berlin tarehe 23 Septemba 1846. Usiku uo huo Galle alielekeza darubini, na sayari ikaonekana umbali usiozidi digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Ndiyo Neptuni.

Kisa hiki husimuliwa sana, na kwa kawaida huishia hapo, kwa vigelegele. Sehemu yake ya pili ndiyo inayomhusu mhakiki zaidi. Mwaka 1859 Le Verrier huyo huyo aligeukia Utaridi, ambayo nayo ilikuwa na hitilafu ndogo katika mzunguko wake. Akaitumia hoja ile ile: iko sayari nyingine, iliyo karibu zaidi na jua. Ikapewa jina, Vulcan, kabla ya kuthibitika. Daktari mmoja wa mashambani alidai kuwa ameiona ikipita mbele ya jua; wengine walidai kuiona wakati wa kupatwa kwa jua mwaka 1878. Haikuwapo. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kuwa hitilafu ile, ambayo ni sekunde 43 za tao kwa kila karne, inatokana na namna mvuto wenyewe ulivyo, na kwamba hapakuwa na sayari yoyote iliyojificha.

Je, nadharia tete ya pili ilikuwa mbaya? Hasha. Ilikuwa njema sawasawa na ya kwanza: ilitaja kitu, ikataja mahali, ikawapa watu wenye darubini kazi ya kufanya na njia ya kujua kuwa wameshindwa. Kwa kushindwa kwake iliacha tundu lenye ukubwa unaojulikana, na tundu hilo ndilo Einstein alilolijaza. Ubaya ungeingia iwapo Le Verrier angedai kuwa Vulcan haionekani kwa sababu ndiyo tabia yake kutoonekana. Ikumbukwe pia kuwa hata Neptuni ilianza kama kiraka cha kuiokoa kanuni ya Newton. Kuitia nadharia kiraka si dhambi. Linaloulizwa ni iwapo kiraka kinajilipia nauli: je, kinatoa utabiri wake chenyewe unaoweza kukaguliwa, au kimeshonwa tu ili tundu lisionekane?

Sasa lirudiwe pingamizi la mhakiki. Kama fasihi haina Neptuni yake, basi ni vigumu kueleza yaliyoupata ule utata mkongwe kuhusu Homer.

Tangu mwaka 1795, Friedrich August Wolf alipochapisha utangulizi wake maarufu kuhusu tendi za Kigiriki, wasomi wa Ulaya waligawanyika makundi mawili. Waliosema kuwa Iliad na Odyssey ni mkusanyiko wa tungo fupi zilizounganishwa na wahariri walitaja migongano iliyomo ndani yake na urefu wake, ambao walidai hauwezi kubebwa na kumbukumbu ya mtu asiyejua kuandika. Waliosema kuwa ni kazi za fanani mmoja walitaja uzuri wake. Mjadala uliendelea kwa zaidi ya karne moja na haukuisha, kwa kuwa kila upande ulikuwa na nadharia iliyoweza kuumeza ushahidi wowote. Beti nzuri ilikuwa ya Homer. Beti mbaya ilikuwa ya mhariri. Na uzuri na ubaya uliamuliwa na yule yule mwenye nadharia.

Milman Parry, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902, aliliacha swali la uzuri akauliza jingine lililoonekana dogo, karibu la karani. Katika tendi hizo mashujaa na miungu hubandikwa sifa zisizobanduka: Achilles huitwa mwepesi wa miguu hata anapokuwa ameketi. Parry alikisia kuwa sifa hizi hazikuchaguliwa kwa maana yake katika tukio lililopo, bali kwa nafasi zinayoijaza katika mizani ya mstari. Kisha akaisogeza dhana hiyo hadi ukingoni. Ikiwa ni mfumo uliorithiwa kwa vizazi, na haukubuniwa na mtunzi mmoja kwa kalamu yake, basi kwa kila shujaa, katika kila nafasi ya mizani na kila hali ya kisarufi, itapatikana kwa kawaida sifa moja tu. Mshairi aandikaye kwa kujichagulia maneno hana sababu ya kujibana hivyo. Angekuwa na sifa tatu au nne zenye mizani sawa na kuzibadilisha apendavyo. Basi hapo palikuwa na jambo la kuhesabu, na yeyote mwenye subira na nakala ya Homer angeweza kumwaibisha Parry kwa kuhesabu. Hesabu ilimuunga mkono. Tasnifu alizozitetea mjini Paris mwaka 1928 zina majedwali mengi kuliko sifa za kishairi, na kwa sababu hiyo zimedumu.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya hatari zaidi. Mfumo wa kurithi haujawa bado mfumo wa kuimba bila maandishi. Parry alidai kuwa chanzo cha uchumi huo wa maneno ni utunzi wa papo kwa papo mbele ya hadhira, na kwamba mtu asiyejua kusoma aweza, kwa mbinu hiyo, kutunga utendi wenye urefu wa Odyssey. Homer hawezi kuhojiwa. Lakini waimbaji wa Yugoslavia, waliojipigia gusle, zeze la uzi mmoja, waliweza. Parry alikwenda huko mwaka 1933, akarudi mwaka 1934 na kukaa hadi 1935, akiwa na mtambo wa kunasa sauti katika sahani za alumini na msaidizi kijana aliyeitwa Albert Lord.

Mjini Bijelo Polje walimpata Avdo Međedović, mtu wa bucha, asiyejua kusoma wala kuandika. Alimtolea Parry utendi wa mistari zaidi ya 12,000, urefu unaokaribiana kabisa na ule wa Odyssey. Jaribio lililo zuri zaidi lilikuwa jingine. Parry alimfanya Međedović aketi asikilize utendi ambao hakuwa ameusikia kamwe, ukiimbwa na mwimbaji mwingine, wenye mistari 2,294. Kisha akamwomba auimbe. Akauimba kwa mistari 6,313, kisa kikiwa kile kile, mapambo na hotuba zikiwa zake. Kama angeshindwa, au kama angeurudia neno kwa neno, dai la Parry lingeumia vibaya. Parry alifariki mwezi wa Desemba 1935 akiwa na umri wa miaka 33, na ni Lord aliyeyaandika matokeo kwa ukamilifu katika kitabu cha mwaka 1960.

Kufikia hapa mhakiki aweza kuona ni nini kilichofanyika. Maana ya Iliad haikupimwa kwa darubini. Hakuna aliyeambiwa amlilie Hector kwa kiasi gani. Lililopimwa ni dai kuhusu namna matini ilivyotokea, na dai hilo lilikuwa na matokeo katika maneno yenyewe yaliyomo katika ukurasa. Katika uhakiki mna mengi ambayo si ya kuthibitishwa, na si lazima yavikwe vazi la nadharia tete. Ufafanuzi mzuri wa shairi hausimami wala kuanguka kwa jedwali. Kosa ni kuyaita nadharia tete yale yasiyokuwa hivyo, na papo hapo kuyaacha bila kujaribiwa yale yanayoweza kujaribiwa.

Lakini kisa hakikuishia kwenye ushindi, na yaliyofuata yanagusa Afrika Mashariki kwa karibu. Waliomfuata Parry waliigeuza hoja yake. Yeye alikuwa amesema kuwa utunzi simulizi wa papo kwa papo huzaa wingi wa fomula, yaani kauli zilizokwisha kuundwa. Wao wakasema kuwa penye wingi wa fomula pana utunzi simulizi. Mwaka 1953 Francis Magoun aliichukua kanuni hiyo hadi kwenye ushairi wa Kiingereza cha Kale, akahesabu fomula katika mistari ya mwanzo ya Beowulf, na akatoa hukumu. Mwanafunzi wa mantiki huliona kosa hilo mara moja: mvua huilowesha barabara, ila si kila barabara iliyolowa imenyeshewa. Hata hivyo, kwa kuwa dai lilitamkwa waziwazi, liliweza kuvunjwa waziwazi. Mwaka 1966 Larry Benson alionyesha kuwa tungo za Kiingereza cha Kale zilizotafsiriwa kutoka Kilatini, kazi za mtu aliyeketi na kitabu mbele yake, zina fomula kwa wingi ule ule.

Upande wa pili wa dai ulivunjwa na Wasomali. Kwa Lord, utunzi simulizi na uimbaji ni tendo moja: mwimbaji hakariri, hutunga anapoimba. Mwaka 1964 B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis walichapisha kitabu kuhusu ushairi wa Kisomali, kikieleza utamaduni ambamo mtunzi hulifanyia shairi kazi kwa saa nyingi au siku nyingi kabla ya kulitoa hadharani, na wakariri hulichukua neno kwa neno na kulitaja kwa jina la mwenyewe popote waendapo. Hivyo ndivyo mashairi ya Sayyid Muhammad Abdille Hassan, aliyefariki mwaka 1920, yalivyosafiri, nusu karne kabla ya Kisomali kupata mwandiko rasmi mwaka 1972. Ruth Finnegan aliyatumia maelezo hayo mwaka 1977 kuonyesha kuwa usimulizi una namna nyingi, na kwamba Yugoslavia ni moja tu kati ya hizo.

Ajabu ni kuwa ushahidi ulio mkali zaidi umekaa pwani ya Kenya bila kuitwa mahakamani mara nyingi. Utendi wa Kiswahili una fomula kuanzia mlangoni. Una vipande vyake vya mizani minane, una kina kinachokwenda hadi mwisho wa utungo, na una kauli zinazojitokeza tena na tena kwa sababu tu zinakaa vizuri mwishoni mwa kipande. Kwa kipimo cha Magoun, Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ya kale inayojulikana ni ya mwaka 1728, ungehukumiwa kuwa zao la mtu asiyejua kalamu. Kumbe moja katika fomula zinazopendwa sana na watunzi wa tendi ni ile ya kufungulia, ambapo mtunzi huagiza aletewe wino, kalamu na karatasi. Fomula yenyewe inazungumzia kuandika. Kwa karne kadhaa waungwana wa Pate na Lamu waliandika kwa hati za Kiarabu tungo zilizokusudiwa kughaniwa, na hawakuona ukuta baina ya kalamu na koo. Baadhi ya wafuasi wa Lord walijaribu kuzungumzia matini za mpito, zilizo nusu njiani kutoka simulizi kwenda andishi. Lord mwenyewe katika kitabu cha 1960 aliikataa dhana hiyo, na kwa haki, maana kama ilivyotumiwa ilikuwa kiraka kisicholipa nauli. Kila matini yenye kusumbua ilitumwa huko mpitoni.

Kwa hiyo nadharia tete ya Parry imevunjika? Imevunjika kwa sehemu, na sehemu zenyewe zinajulikana. Uchumi wa sifa katika Homer umesimama, ijapokuwa umepunguzwa makali. Uwezekano wa mtu asiyejua kusoma kutunga utendi mrefu umesimama. Fomula kama alama ya kutosha ya usimulizi imeanguka. Umoja wa kutunga na kuimba kama kanuni ya dunia nzima umeanguka. Hakuna mjadala uliotangulia kuhusu Homer ulioacha mgawanyo safi kiasi hicho.

Mtafiti wa fasihi ya Kiswahili ana mambo ya namna hii mlangoni pake. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1951, ni mfano ulio wazi. Imekuwa karibu kanuni kudai kuwa ni fumbo kuhusu utawala wa kikoloni. Huenda ndivyo ilivyo. Lakini dai hilo hutetewa kwa kuligeuza kila tukio kuwa shahidi: ujeuri wa Majivuno mahakamani ni ujeuri wa mkoloni, mateso ya wajumbe ni mateso ya watawaliwa, subira ya Karama ni subira ya mwafrika. Ufunguo unaofungua kila mlango bila kukwama kwanza unapaswa kutiliwa shaka. Nadharia tete yenye utete ingeanza kwa jambo linaloisumbua. Hadithi haisemi kuwa wakubwa wa Kusadikika walitoka nchi nyingine. Wanaonekana kuwa wakubwa wa nchi yao wenyewe. Iwapo mwandishi aliukusudia ukoloni, mbona ameiacha alama yake kuu, ambayo ni ugeni wa mtawala?

Jibu la kawaida ni kuwa alilazimika kuificha kwa kuwaogopa wenye mamlaka. Hilo ni kiraka, na si kiraka kibaya, ila ni lazima kilipe nauli. Kama ni hofu iliyomfunga, basi mahali ambapo hofu haikuwapo, au ilikuwa ndogo, fumbo linapaswa kulegea. Barua zake kwa nduguye Yusuf Ulenge, zilizochapishwa mwaka 2002, zinafaa kusomwa kwa jicho hilo. Mwenye nadharia tete ya ukoloni anapaswa kusema, kabla hajazifungua, ni nini anatarajia kukikuta humo na ni nini ambacho akikikuta ataiacha nadharia yake. Kama hawezi kusema, basi alichonacho ni usomaji. Usomaji una heshima yake, lakini auite jina lake.

Hata ushairi huru, uliozua ugomvi mkali kupita yote katika uhakiki wa Kiswahili, ulipigwa vita kwa fasili zaidi kuliko kwa nadharia tete. Aliyesema kuwa utungo usiokuwa na vina si shairi hakukisia lolote. Alikuwa akilinda matumizi ya neno. Aliyejibu kuwa vina ni pingu naye hakukisia. Wakati huo wote Kichomi cha Kezilahabi, cha mwaka 1974, kilikuwa mezani, na mtu aliweza kudai, kwa mfano, kuwa mshairi ameacha vina lakini hakuacha ulinganifu wa mizani, ila ameuhamishia kwenye mafungu ya mistari. Dai hilo laweza kuwa kweli au uongo, na penseli yatosha kuliamua kabla ya chakula cha jioni. Likiwa uongo, aliyelitoa atakuwa amejifunza jambo kuhusu Kezilahabi ambalo wagomvi wa miaka ishirini hawakulijua.

Mfano mgumu kuliko yote ni wa Fumo Liyongo. Wako wataalamu waliomweka kabla ya karne ya 13, na wako waliomsogeza hadi karne ya 16 au ya 17. Tofauti hiyo yatosha kuiweka nasaba nzima ya wafalme. Visa vya mapokeo havimalizi shauri, kwa kuwa shujaa wa aina hii huvuta kwake matukio ya zama nyingi. Hata hivyo dai kuhusu wakati laweza kupewa utete. Wareno walifika katika pwani hii mwaka 1498. Anayedai kuwa Liyongo aliishi kabla ya hapo, na kuwa mashairi yanayonasibishwa naye ni yake kwa kweli, amekataza jambo: maneno yenye asili ya Kireno, mfano wa meza na bendera, hayapaswi kupatikana humo. Akionyeshwa neno kama hilo, ataweza kusema kuwa liliingizwa na mnakili wa baadaye. Utetezi huo unaruhusiwa, kwa sharti moja: ikiwa ni mnakili, basi katika hati nyingine isiyotokana na hiyo, mahali pale pale, panapaswa kuwa na neno jingine.

Na hapo ndipo ugumu wa kweli unapojitokeza. Utendi wa Liyongo uliandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mwandishi mwenye khati nzuri na mkono mwepesi, ambaye kwa miongo kadhaa aliwanakilia wataalamu wa Ulaya hati nyingi za ushairi wa kale, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Hati mbili zilizoko katika maktaba mbili zilizo mbali zaweza kuonekana kuwa mashahidi wawili, kumbe ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara mbili. Zikikubaliana, makubaliano yao hayaongezi chochote. Anayetaka kuijaribu tarehe ya Liyongo kwa njia ya lugha hana budi kuzipanga kwanza hati hizo, zilizoko London, Ujerumani na Dar es Salaam, katika mafungu mawili: zilizopita mkononi mwa Kijumwa na zisizopita; kisha ahesabu ni ngapi zimebaki katika fungu la pili, na kama zatosha kuanzia.